Wataalamu wa China na jina la dini

Wachina husema zongjiao, maana yake dini. Neno hilo lilienea kwao kutoka Japani mwishoni mwa karne ya 19. Zamani walisema jiao, yaani mafundisho, wala hawakutenga mambo ya ibada na mambo ya adabu. Ndiyo sababu wataalamu wao wanabishana: je, mafundisho ya Confucius ni dini?

Bwana Ren Jiyu, mkuu wa kwanza wa Taasisi ya Dini za Dunia iliyoanzishwa Beijing mwaka 1964, alijibu mwaka 1978: ndiyo, ni dini. Alionyesha sadaka zilizotolewa kwa Mbingu na heshima kwa mababu. Hoja hizo zina nguvu. Lakini yeye alikuwa Mkomunisti, na kwake kukiita kitu dini kulikuwa kukishitaki kwamba kimezuia maendeleo. Basi jina likawa hukumu.

Tazameni ajabu. Papa Klementi XI mwaka 1715, na Benedikto XIV mwaka 1742, waliwakataza wakristu wa China ibada hizo za kuwaheshimu mababu. Mwaka 1939, wakati wa Papa Pio XII, Roma iliziruhusu, ikiziona ni heshima za kiraia tu. Jambo ambalo Eklezia ilikuwa imekwisha kusema si dini, Mkomunisti akaja kuliita dini!

Bwana Lü Daji alipima vizuri zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1989 alisema dini ina sehemu nne: mawazo, mang'amuzi ya moyo, matendo, na jumuiya yenye kanuni zake. Kipimo hiki ni cha haki, kwani hakitazami magoti tu, kinatazama na moyo. Lakini kina upungufu. Ni kama mtu anayeeleza barua: anataja karatasi, wino na mkono ulioandika, asimtaje aliyeandikiwa. Mungu anabaki kuwa wazo la mwenye kusali.

Wala huu si mchezo wa wasomi. Serikali ya China inatambua dini tano: Ubudha, Utao, Uislamu, Ukatoliki na Uprotestanti. Ibada ya kijijini isiyomo humo yaweza kuitwa mila njema leo, kesho ushirikina.

Tunawasifu wataalamu hao kwa bidii yao. Lakini kabla ya kutoa jina, wamwulize kwanza yule anayeinama: unasema na nani?