Nahalal: Kijiji Kilichopimwa kwa Mikono ya Familia

Wahamiaji wa Kiyahudi walioanzisha kijiji cha Nahalal, katika Bonde la Yezreeli huko Palestina, Septemba 1921, husifiwa sana kwa moyo wao wa kujitolea. Moyo walikuwa nao, lakini moyo peke yake haujengi kijiji. Kilichoisimamisha Nahalal ni hesabu: shamba lisizidi nguvu za familia inayolilima. Eliezer Yaffe, mwanafikra wa vijiji vya aina hii, aliiandika hoja hiyo mwaka 1919, kabla ya jembe kugusa udongo. Baadhi ya waanzilishi walitoka kijiji cha kijamaa cha Degania, ambako kila kitu kilikuwa cha wote. Sasa walitaka kila kaya iwe na jiko lake, ng'ombe wake na mavuno yake. Hatari ya uhuru huo waliijua: mwenye nguvu angepanua shamba, aajiri vibarua, na jirani aliyeanguka aishie kuwa kibarua wake. Kwa hiyo kuajiri kukakatazwa. Ardhi ikabaki mali ya Mfuko wa Taifa wa Wayahudi, familia ikikodishiwa tu bila ruhusa ya kuiuza. Pembejeo zilinunuliwa na mazao kuuzwa kwa pamoja, na aliyeugua alisaidiwa kazi na wenzake, jambo zito mahali penye vinamasi na malaria.

Ramani ya duara ya kijiji, aliyoichora msanifu majengo Richard Kauffmann, wengine huiona pambo. Itazameni vizuri. Katikati ni majengo ya wote na nyumba za walimu na mafundi. Kisha pete ya nyumba za wakulima. Nyuma ya kila nyumba banda la mifugo, halafu shamba linalotanuka kuelekea nje. Mkulima alitoka bandani akaingia shambani mwake bila kukatiza kwa mtu, na kila kaya ilikuwa karibu na ushirika wake.

Yuko atakayesema kuwa fedha za nje ndizo zilizofanya kazi. Kweli, fedha hizo zilinunua ardhi na kukausha vinamasi. Lakini fedha hazimzuii jirani kummeza jirani. Kanuni ndizo zilizomzuia. Pingamizi lililo zito zaidi ni la ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya bonde hilo ilinunuliwa kutoka kwa ukoo wa Sursuk wa Beirut, na Waarabu wengi waliolima humo kama wapangaji wakaondolewa. Hilo halina jibu ndani ya kanuni za Nahalal: zilimlinda mwanachama dhidi ya mwanachama mwenzake, na mpangaji hakuwa mwanachama.