Heko kwa wapimaji wa HERA
Kuanzia 1992 hadi 2007, chini ya mitaa ya Hamburg, Ujerumani, mashine ya HERA iligonganisha elektroni na protoni katika njia ya duara yenye mzingo wa kilomita 6.3. Protoni ikipigwa kwa nguvu kiasi hicho, mtu angetarajia isambaratike. Lakini timu za majaribio ya ZEUS na H1 ziligundua kwamba takriban mara moja katika kila migongano kumi mikali, upande ilikoelekea protoni hapakuonekana chembe yoyote. Mara nyingi protoni ilikuwa imepona, ikaendelea na safari ndani ya bomba la mwale.

Ninaowavulia kofia zaidi ni wale walioifuata humo. Waliweka vitambuzi makumi ya mita kutoka mahali pa mgongano, ndani ya vyombo vya chuma vinavyosogea. Mwale wa protoni ulipokuwa ukiingizwa, vyombo vilirudishwa nyuma visiharibiwe na mionzi; ulipotulia, vilisogezwa taratibu hadi milimita chache kutoka kwenye mwale. Hapo walipima protoni imepoteza kiasi gani cha nishati, mara nyingi asilimia chache tu. Pengo hilo lisilo na chembe peke yake huweza kudanganya, kwani wakati mwingine protoni huvunjika na vipande vyake vikapotelea bombani. Hawa waliikamata protoni yenyewe, ikiwa nzima.