Simu Inaposema Hukufika: Udhaifu wa Kumpima Mteja wa Siri kwa GPS

Huenda umewahi kupanga foleni nyuma ya mteja wa siri bila kujua. Ni mtu wa kawaida tu. Anaingia dukani, ananunua soda na mkate, anauliza maswali mawili matatu, anatoka. Tofauti yake na wewe ni kwamba ametumwa. Kampuni inataka kujua wahudumu wake wanawapokeaje watu, na ikimtuma meneja haitajua chochote, maana meneja akionekana tu mlangoni kila mtu anachangamka. Ndo maana anatumwa mtu asiyejulikana, halafu anaandika ripoti: alisalimiwa au la, alisubiri dakika ngapi, choo kilikuwa kisafi, risiti ilitolewa.

Zamani ripoti hii ilijazwa kwenye karatasi. Siku hizi kazi nzima iko kwenye simu janja: unapakua programu, unachagua duka lililo karibu, unakwenda, unabonyeza kitufe cha kusema umefika, unajibu maswali, unapiga picha, unatuma. Kwa mwanafunzi mwenye simu na mchana usio na kipindi, ni kibarua kinachovutia. Lakini kitufe kile cha "nimefika" ndicho tunachotaka kukijadili leo. Ukikibonyeza, programu inaangalia mahali simu ilipo. Ukiwa ndani ya duara lililochorwa kuzunguka duka, kazi inaendelea. Ukiwa nje ya duara, maswali hayafunguki, au mbaya zaidi, ripoti inakataliwa baadaye na hulipwi. Na kumbuka, mara nyingi hela ya ile soda na ule mkate umeitoa mfukoni mwako kwanza, ukitegemea kurudishiwa.

Hoja yetu ni hii: mahali ambapo simu inasema upo ni makadirio. Mfumo unaoyageuza makadirio hayo kuwa hukumu unamwadhibu mwaminifu mwenye simu ya bei nafuu, huku mjanja akipita.

Simu inajuaje ulipo?

Setilaiti za GPS huzunguka dunia zikiwa juu kama kilomita 20,200. Kila moja ina saa ya atomu, na muda wote inatangaza mambo mawili: iko wapi na sasa ni saa ngapi. Mawimbi hayo huchukua takribani sekunde 0.07 kufika kwako. Simu inapima kila wimbi limechelewa kiasi gani, inazidisha na kasi ya mwanga, na kupata umbali. Inahitaji setilaiti zisizopungua nne. Tatu ni za kupata mahali, na ya nne ni kwa sababu saa ya simu yako si sahihi kiasi cha kuaminika kwenye hesabu hii.

Sasa angalia ugumu wake. Mwanga husafiri kama mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukikosea muda kwa moja ya kumi tu ya hapo, umeshakosea mita 30. Hata hivyo mfumo hufanya kazi vizuri ajabu. Serikali ya Marekani, inayoendesha GPS, inasema simu janja ikiwa mahali pa wazi chini ya anga huwa sahihi kwa takribani mita 4.9.

Mahali pa wazi. Hayo ndiyo maneno ya kushika. Mteja wa siri hatumwi kwenye kiwanja cha mpira. Anatumwa Kariakoo, katikati ya maghorofa yaliyobanana, ambako wimbi linagonga ukuta wa jengo la pili kabla ya kufika kwenye simu. Wimbi lililogonga ukuta limesafiri njia ndefu zaidi, na simu haina namna rahisi ya kujua hilo. Inadhani setilaiti iko mbali zaidi, basi inakuweka mtaa wa pili. Ukiingia ndani, zege na bati vinadhoofisha mawimbi kiasi kwamba simu inaanza kutegemea njia nyingine: Wi-Fi zilizo karibu na minara ya simu. Wi-Fi husaidia pale ambapo mitandao ya eneo hilo imeshaorodheshwa. Mnara peke yake unaweza kukosea kwa mamia ya mita, na huko vijijini kwa kilomita.

Halafu kuna suala la ghorofa. Namba mbili zinazotumika kuchora duara, latitudo na longitudo, hazisemi uko juu au chini. Duka la ghorofa ya nne na mgahawa wa chini ya jengo hilohilo, kwa ramani, ni sehemu moja. Kwa hiyo aliyepanda ngazi hadi dukani anaweza kukataliwa kwa sababu ya zege, na aliyeketi chini anakunywa chai akakubaliwa.

Simu yenyewe inakiri

Umeshaona kile kivuli cha bluu kinachozunguka alama yako kwenye ramani? Ile ni simu inakuambia haina uhakika. Kwenye simu za Android maana yake imeandikwa wazi katika maelekezo ya watengeneza programu: kivuli hicho kina uwezekano wa asilimia 68 wa kuwa na wewe ndani yake. Yaani simu ikisema "usahihi mita 30", haisemi kwamba upo ndani ya mita 30. Inasema kwamba ikikisia mara 100 katika hali kama hii, kama mara 68 utakuwa humo, na mara 32 utakuwa nje.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapoanza kuuma. Taarifa ya kutokuwa na uhakika ipo, na programu yoyote ikitaka inapewa bure. Lakini mfumo unaouliza tu "ndani au nje ya duara?" unaitupa taarifa hiyo na kubaki na nukta moja. Ni sawa na daktari anayeambiwa na maabara kwamba kipimo kinaweza kukosea, kisha anaandika majibu bila kugusia hilo.

Na makosa hayagawanywi sawa kwa sawa. Tangu 2018, ilipotoka Xiaomi Mi 8, kuna simu zinazopokea GPS katika masafa mawili badala ya moja, jambo linalosaidia kutambua mawimbi yaliyogonga kuta. Simu nyingi za bei ya chini bado zinatumia masafa mamoja. Ongeza hali ya kuokoa chaji, inayoweza kupunguza upimaji wa mahali. Ongeza pia mpangilio wa "mahali pa takribani" uliokuja na Android 12, ambapo simu hutoa eneo la kama kilomita 3 za mraba badala ya nukta kamili. Aliyeuchagua kwa ajili ya kulinda faragha yake anaweza kuonekana tapeli.

Hesabu ya waaminifu na wajanja

Mtu atasema: sawa, kuna makosa machache, lakini si afadhali hivyo kuliko kulipa waongo? Hebu tupige hesabu. Namba hizi ni za mfano, tumezitunga ili kuonyesha mantiki.

Tuseme kuna ziara 1,000. Katika hizo, 30 ni za uongo: mtu kaandika ripoti akiwa kitandani. Ukaguzi wa mahali unakamata 20 kati ya hizo 30. Si haba. Tuseme pia unawakosea waaminifu 4 tu katika kila 100. Waaminifu wako 970, kwa hiyo waliokataliwa kimakosa ni kama 39. Jumla ya waliokataliwa ni 59, na 39 kati yao walifika kweli. Theluthi mbili!

Ajabu hii wanafunzi wa takwimu wanaijua vizuri. Kitu unachokitafuta kikiwa adimu, hata kipimo kizuri hukamata wasio na hatia wengi kuliko wenye hatia. Kadiri wafanyakazi wanavyokuwa waaminifu zaidi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya wanaoadhibiwa inavyokuwa ya waaminifu. Kampuni ikiona ripoti 59 zimekataliwa, itajisifu kwamba imezuia udanganyifu 59.

Na wale wajanja 10 waliopita? Kwenye Android kuna mpangilio halali, uliowekwa kwa ajili ya watengeneza programu wanaofanya majaribio, unaoruhusu simu kuripoti mahali pa kubuni. Programu ya ukaguzi inaweza kuiuliza simu kama mahali hapo ni feki, lakini mtu aliyefungua mfumo wa ndani wa simu yake anaweza kuificha alama hiyo. Tena nukta ya kubuni huwa safi kuliko ya kweli. Haitikisiki, haigongi kuta, inatua katikati kabisa ya duara. Kwa mfumo unaoangalia nukta peke yake, mwongo ndiye anayeonekana mkweli kuliko wote.

Indonesia wameliona hili miaka kadhaa sasa. Madereva wa pikipiki wa Gojek hutumia programu za kubadili mahali wanazoziita "tuyul", jina la kizimwi mtoto katika simulizi za huko anayemwibia watu hela. Wapo wanaozitumia kwa wizi mtupu. Lakini wapo pia wanaozitumia kwa sababu mfumo hauelewi hali halisi ya mtaani: dereva anasubiri kivulini hatua chache kutoka kituoni, huku simu ikimwonyesha yupo pale penye abiria. Mfumo ukiwa mgumu kuliko maisha, hata mtu mwema hujifunza kuudanganya.

Upande wa pili una hoja

Tusiwe wanafiki. Ripoti ya mteja wa siri inaweza kumgharimu mhudumu marupurupu yake, au hata ajira. Mhudumu huyo naye ana haki ya kutosemwa na mtu ambaye hakukanyaga dukani. Kwa hiyo kukagua ni lazima. Swali ni kukagua kwa kitu gani.

Jibu moja kwa Tanzania ni risiti ya EFD. Ina jina la duka, tarehe, saa, kiasi, na msimbo wa uhakiki unaoweza kuthibitishwa kwenye mfumo wa TRA. Kenya nao wana eTIMS. Kama kazi ilikuwa kununua, risiti hiyo inaonyesha kwamba duka lile liliuza kitu kile saa ile, jambo ambalo nukta ya GPS haiwezi. Kama kazi ilikuwa kuuliza tu, picha iliyopigwa papo hapo ndani ya programu na maelezo ya mambo ambayo aliyefika tu angeyaona vinasaidia.

Sayansi nayo ina mfano wake. Watafiti wa afya hutumia "wagonjwa bandia", watu waliofunzwa kwenda kituoni na dalili zilizopangwa ili kuona wanahudumiwaje. Utafiti mmoja wa Nairobi uliochapishwa 2017 katika jarida la BMJ Global Health ulifanya hivyo. Nguvu ya njia hii iko kwenye mafunzo ya kina na maswali yaliyopangwa, yanayojibiwa mara tu baada ya ziara kabla kumbukumbu haijafifia. Simu inaweza kuthibitisha kwamba ilikuwepo mahali. Haiwezi kuthibitisha kwamba mwenye nayo aliangalia.

Nukta zako zinakwenda wapi?

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye malipo. Mwaka 2013 Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake walichunguza kumbukumbu za mahali za watu milioni 1.5 zisizo na majina. Nukta nne tu za mahali na muda zilitosha kumtofautisha mtu mmoja na wengine wote kwa asilimia 95. Mteja wa siri aliyefanya ziara nne ameshafika hapo.

Na matumizi ya data hubadilika. Premise, kampuni ya San Francisco iliyokuwa ikiwalipa watu wa nchi nyingi kwa kazi ndogo ndogo za simu kama kupiga picha na kurekodi bei, iliandikwa na Wall Street Journal mwaka 2021 kwamba sehemu ya kazi zake zilihudumia jeshi la Marekani bila wafanyakazi kujua. Februari 2022 jeshi la Ukraine lilidai programu hiyo inatumika kusaidia mashambulizi ya Urusi. Kampuni ilikanusha kabisa, na ikasimamisha shughuli zake huko. Hata tukichukua kanusho hilo kama lilivyo, fikiria hali ya kijana aliyetumwa kupiga picha mtaani siku ile, asijue mteja wa mwisho wa picha yake ni nani.

Tunachodai

Kwa wanaotengeneza na kununua mifumo hii: someni kivuli, si nukta. Simu ikisema usahihi ni mita 200, jibu sahihi ni "sijui", na "sijui" isimnyime mtu malipo. Tangazeni ukubwa wa duara kabla mtu hajatoka nyumbani. Na kabla ya kukataa ripoti, binadamu aiangalie pamoja na risiti. Hili si ombi la hisani. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki dhidi ya uamuzi mzito unaofanywa na mashine peke yake, na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inagusa maamuzi ya kiotomatiki.

Kwako unayefanya kazi hii: kabla ya kuingia jengoni, simama nje dakika moja au mbili mpaka kivuli cha bluu kipungue, halafu piga picha ya skrini. Washa mahali kamili kwa muda wa kazi tu, na ruhusa iwe "wakati wa kutumia programu", si muda wote. Dai risiti, itunze. Ukikataliwa, usiulize tu "kwa nini?" Uliza: simu yangu iliripoti usahihi wa mita ngapi? Kama hawawezi kukujibu hilo, basi hawana ushahidi kwamba hukufika.