Tendo la Ndoa kwa Wasio na Ndoa: Lugha ya Utafiti wa Afya ya Ujinsia wa Vijana nchini Uganda

Istilahi "afya ya uzazi" imezoeleka mno katika maandishi ya Kiswahili hata ni nadra kuulizwa inamficha nani. Huitwa hivyo kliniki ya wajawazito, uzazi wa mpango, tiba ya magonjwa ya zinaa, na mafunzo ya vijana wasio na haja ya mtoto kwa sasa. Fasili iliyochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 ni pana zaidi: inahusisha hali njema ya mwili, hisia na akili, na mahusiano yenye raha na usalama, yasiyo na shuruti wala ukatili. Upana huo haumo katika neno "uzazi". Kijana wa miaka 22 asiyetaka kuzaa huingia katika utafiti kwa mlango wa mimba au wa virusi, na hutokea kwa mlango uleule.

Uganda ni mfano mzuri wa tatizo hili. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2016 ulionesha kuwa takriban asilimia 25 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba. Takwimu hiyo hunukuliwa sana, na ina uzito wake. Hata hivyo, ni takwimu ya matokeo. Peke yake haielezi nani alitaka, nani alishurutishwa, wala nani hakujua namna ya kukataa. Utafiti huohuo una sehemu nzima kuhusu ukatili, lakini mara nyingi mnukuu huchukua asilimia na kuiacha sehemu hiyo.

Mjadala wa elimu nao ulifinywa kwa namna hiyo. Tangu mwaka 1993 gazeti la Straight Talk lilikuwa likijibu barua za vijana, yaani lilianza na swali la msomaji. Mwaka 2016 elimu ya ujinsia kwa mapana yake ilipigwa marufuku shuleni. Mwaka 2018 ulizinduliwa mwongozo wa kitaifa, viongozi wa dini wakaupinga. Na Novemba 2021 Mahakama Kuu ikaiamuru serikali itunge sera. Pande zote zilibishana kuhusu mwanafunzi. Mwendesha boda boda na msusi wa saluni, waliokwisha kuacha shule wala hawajaoa au kuolewa, hawakuwa na nafasi katika ubishi huo.

Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, wazo la hojaji moja ya Kiswahili kwa Afrika Mashariki lilipata mvuto mpya. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Hojaji ikiuliza kuhusu "tendo la ndoa", msichana asiyeolewa anaweza kujibu "sijawahi" bila kusema uongo. Ikiuliza kuhusu "kufanya mapenzi", aliyelazimishwa hana mapenzi aliyoyafanya. "Ngono" hubeba karipio la mahubiri na kampeni za UKIMWI. "Kujamiiana" ni neno la kitabu cha biolojia. Hakuna hata moja lisilo na upande, na kila moja huleta hesabu yake. Kibaya zaidi, tafsiri rejeshi, kipimo kinachoaminiwa na watafiti, hailigundui kosa hili: mfasiri wa pili atalirudisha "tendo la ndoa" kwenye neno lilelile la Kiingereza lililokusudiwa, na hojaji itapita.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa Kiswahili huona uzito kulikiri. Kwa Waganda wengi, licha ya amri ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa, Kiswahili kilibaki lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Mambo ya faragha Buganda yalikuwa na mwalimu wake, ssenga, shangazi wa upande wa baba, ambaye kazi yake yakaribia ile ya kungwi wa pwani. Sylvia Tamale ameonesha kwamba mafunzo ya ssenga yalizungumzia raha pia, si hatari tu, ingawa yaliweza kumfunga mwanamke katika utiifu. Utafiti uliojengwa juu ya hatari pekee umeacha somo ambalo shangazi alilifundisha bila haya.

Kwa hiyo haitoshi kumkabidhi mfasiri hojaji iliyokamilika. Vijana wenyewe waulizwe kwanza wanayaitaje mambo haya, na wanamwambia nani kwa lugha gani. Kijana wa Arua, ambako Kiswahili husikika sokoni, huenda akalichagua neno ambalo mwenzake wa Masaka angeliona la kikatili. Majibu hayo yakitofautiana, hojaji ziwe mbili, hata kama ulinganishi wa kikanda utapungua.