Kitabu cha Krismasi Ambacho Dickens Hakutaka Tukisome

Kila ikifika Desemba kuna mtu ataniuliza: tuwasomee watoto kitabu gani cha Krismasi? Jibu la haraka huwa ni Charles Dickens, A Christmas Carol ya mwaka 1843, yule mzee bahili Scrooge na mizimu yake. Mwaka huu nina jibu jingine, ila kwa kweli nimelumbana nalo mwezi mzima.

Dickens huyohuyo aliandika kitabu kingine, kidogo, cha sura 11 tu, kiitwacho The Life of Our Lord. Ni maisha ya Yesu, aliyoyaandika kati ya 1846 na 1849 kwa ajili ya watoto wake mwenyewe. Hakukipeleka kwa mchapishaji. Kilibaki mswada wa mkono, kikasomwa kwa sauti nyumbani, na ikawa desturi ya familia kukisoma Krismasi. Alifariki mwaka 1870, lakini kitabu hakikuchapishwa maadamu mtoto wake hata mmoja alikuwa hai. Wa mwisho, Henry, alifariki Desemba 1933. Machi 1934 magazeti yakaanza kukitoa kwa mfululizo.

Hebu fikiria. Mtu aliyeishi kwa kalamu yake, aliyejua bei ya kila ukurasa, anaandika kitu halafu anasema hiki hakiuzwi, hiki ni cha sebuleni.

Na ukikisoma unaisikia hiyo sebule. Lugha ni nyepesi, sentensi zinatembea taratibu, na kila mara mzazi anasimama kufafanua neno ambalo mtoto anaweza kuuliza. Anasisitiza sana maskini: wanangu, msiwadharau, maana Yesu aliwachagua hao kuwa rafiki zake. Yule Dickens wa riwaya nene, mwenye maelezo ya kurasa tatu kuhusu ukungu wa London, hapa amevua koti. Nilipenda hilo.

Lakini nilipofika katikati nilianza kuchoka, na sababu ikanichukua muda kuiona. Dickens hamwachii mtoto kitu. Anasimulia mfano, kisha anaufunga: fundisho ni hili, basi nanyi mfanye hivi. Ukristo wake, tangu mwanzo hadi mwisho, ni kutenda mema. Siyo kwamba anakosea. Ila neema, yaani kile unachopewa kabla hujatenda jema lolote, inapita kwa mbali sana. Imani yake ni kama gauni lililoshonwa kwa kipimo cha mtoto wa miaka minane, bila upindo wa kuachia. Mtoto anakua, gauni halikui.

Nalisema hili kwa sababu na mimi nimelelewa kwenye desturi ya kusomewa. Kwetu ni Kilimanjaro, na wote mnajua Desemba ya Wachaga: mabasi yanajaa, nauli inakuwa gumzo, hata aliyeshinda mwaka mzima Kariakoo lazima apande mlimani. Usiku wa tarehe 24, kabla ya kwenda usharikani, baba alikuwa akisoma Luka sura ya pili. Hakuhubiri. Alisoma, akafunga Biblia, akasema twendeni.

Nikiwa mdogo sikusikia chochote. Nilikuwa nawaza mbuzi wa kesho, na kama nitapewa mtori kwanza au kisusio. Nikiwa na miaka 25, sina kazi, nalala kwa shangazi Dar es Salaam kwenye godoro la sebuleni, nilisikia kwa mara ya kwanza kwamba wale wawili walikosa nafasi ya kulala. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilimsikia Mariamu, anavyokaa kimya na kuyaweka mambo moyoni. Maneno yalikuwa yaleyale, sauti ileile, hata ule ukohozi wa baba kabla ya kuanza ulikuwa uleule. Luka alikuwa ameniachia nafasi, nami nilikuwa nakua ndani yake.

Kwa hiyo hukumu yangu ya kwanza ilikuwa tayari: Dickens mwandishi mkubwa, ila kama kitabu cha nyumbani, Luka anamshinda. Nikataka kuishia hapo.

Kisha nikakumbuka mwaka 1858. Mwaka huo Dickens alitengana na mkewe, Catherine, aliyemzalia watoto kumi. Catherine akaondoka nyumbani na mtoto wao wa kwanza. Waliobaki wengi walikaa na baba. Dickens akafika hadi kutangaza habari hiyo magazetini ili kujitetea. Sasa rudi kwenye kitabu. Mle ndani, kwa mwandiko wake, yumo mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akakataa kusamehe dogo, na baba mzazi anawaeleza wanawe kwamba lazima tusameheane. Watoto wale walikua wakiyajua maneno hayo, na pia walijua kiti cha nani mezani kiko wazi.

Hapo kitabu kilinibadilikia. Zile sentensi zilizofungwa vizuri ziligeuka kuwa deni la mwandishi mwenyewe. Aliwaandikia wanawe kipimo ambacho yeye hakukifikia, na hakurudi kukifuta. Pengine ndiyo maana ya kumsomea mtoto kitu: unampa ushahidi dhidi yako.

Baba yangu naye alikuwa na wake. Kwa miaka mingi hakusemeshana na baba mdogo kwa sababu ya mpaka wa kihamba. Mpaka wenyewe umepandwa masale, kama mipaka mingi kule kwetu. Na anayejua mila za Kichaga anajua kwamba jani hilohilo la isale ndilo mtu hulibeba akienda kuomba msamaha, na ukiletewa isale si rahisi kukataa. Krismasi baada ya Krismasi baba alisoma habari za amani duniani, na hatua chache nje ya dirisha masale yamesimama. Mwaka mmoja, tayari mzee, alifunga Biblia na hakusema twendeni. Alichukua tochi, akatoka, akachuma jani kwenye mpaka uleule wa ugomvi, akavuka nalo. Tulichelewa ibada.

Sikuwahi kumuuliza kwa nini mwaka ule na siyo kumi iliyotangulia. Nadhani na yeye alikuwa bado anakua.

Basi, kitabu hiki msome? Msome, lakini msikifanye badala ya Luka. Mkifika kwenye mafundisho ya mwisho wa kila mfano, nyamazeni kidogo, msiwaharakishe watoto kuitikia. Na msiwafiche kwamba aliyeandika alishindwa nyumbani kwake. Mwaka huu macho ya baba hayaoni tena maandishi madogo, na nimeambiwa msomaji ni mimi. Nitasoma Luka. Dickens nitakuwa naye kwenye mkoba, kunikumbusha kwamba watoto wanaosikiliza wanatuona pia.