Uluguru na Chaki ya Mchoraji

Mchoraji wa pasteli, yaani chaki laini za rangi, hana taabu ya kungoja rangi ikauke. Hupaka, hufikicha kwa kidole, huweka rangi nyepesi juu ya nzito, na kazi imekwisha. Yamkini hakuna chombo kiufaacho zaidi mji wa Morogoro, ambako asubuhi ukungu hukaa juu ya Lupanga, kilele kipitacho mita 2,000, na kabla jua halijapanda sana umekwisha kuhama. Rangi ya mafuta ingechelewa.

Lakini wepesi huo una hila. Kidole kilainishacho ukungu hulainisha na mashamba, na atazamaye kutoka mjini hupata pazia la buluu lisilo na mtu. Uluguru si pazia. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamuru matuta ya ngazi yachimbwe mlimani ili kuzuia mmomonyoko. Mwaka 1955 Waluguru wakayakataa kwa ghasia, kwani kazi ilikuwa nzito na udongo wenye rutuba ulifukiwa chini ya udongo dhaifu. Picha iliyofuta mistari ya mashamba imefuta shauri hilo lote, hata kama rangi zake ni tamu.

Sam Ntiro (1923–1993), mzaliwa wa Machame, aweza kuwa kipimo hapa, ijapokuwa alitumia rangi ya mafuta. Picha yake ya mwaka 1956, iliyonunuliwa na Museum of Modern Art ya New York mwaka 1960, ni ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Jina lake halitaji mlima. Ntiro alizaliwa chini ya Kilimanjaro, mlima ambao kadi za posta hazijauchoka, naye akachagua safari ya pombe! Lawama kwamba watu wake ni wadogo na hufanana ina haki kiasi. Hata hivyo kila mmoja ana kazi yake.

Kwa kipimo hicho, mchoraji wa Morogoro halazimiki kupanda Lupanga. Mboga za Mgeta huteremka hadi sokoni. Udongo mwekundu umo njiani. Kidole na kibaki kwenye ukungu. Ifikapo zamu ya shamba, chaki ishikwe kwa ncha.