RLink: namba inavuka, kanuni haivuki

Kama hesabu zako ziko ndani ya Mathematica na msimamizi wako anataka takwimu za R, RLink inakuepusha na kuhamisha mafaili huku na kule. Ilikuja na toleo la 9, mwaka 2012. Unaipakia, unaita InstallR[], kisha unaandika amri ya R ndani ya REvaluate. Namba moja hurudi imefungwa kwenye mabano, maana kwa R hata namba moja ni vekta. Hilo utalizoea siku hiyohiyo.

Shida ni jibu lenyewe. Hebu chukua 1, 2, 3, 4. Omba robo ya kwanza kwa quantile ya R: 1.75. Omba Quantile ya Mathematica: 1. Sasa jaribu Quartiles, humohumo Mathematica: 3/2, yaani 1.5. Data moja, majibu matatu, na hakuna lililokosea! R ina njia 9 za kukokotoa kitu hiki. Usipoichagulia hutumia ya 7, inayokadiria katikati ya namba mbili jirani. Quantile ya Mathematica huchukua namba iliyomo kwenye data. Ukitaka zikubaliane, iambie R type=1.

RLink haitakuonya, yenyewe inabeba tu. Kwa hiyo kwenye tasnifu usiishie kuandika “robo ya kwanza”. Taja programu na njia, hasa kama jedwali limetoka R na mchoro umetoka Mathematica.